Nadhiri ya Mama na Binti wa Uwanja wa Nyasi

Mama aliweka nadhiri siku ya Jumanne alasiri, mguu wake wa kushoto ukiwa juu ya kigoda na macho yake kwenye televisheni. Hakuniambia mimi. Alimwambia Mungu, ila kwa sauti ya kufika jikoni, nilikokuwa nimekaa juu ya mbuzi nikikuna nazi.

"Yarabi, yuno binti akishinda mpaka mwisho, n'takufungia siku tatu."

Niliiacha nazi, nikaenda kusimama mlangoni kuona kama anatania. Hakuwa akitania. Mama huwatania majirani, hunitania mimi, hata marehemu baba alikuwa akimtania, lakini Mungu hamtanii.

Ili mtu aielewe hofu yangu, inafaa ajue kwamba mama ana sukari. Si ile ya kuambiwa punguza chai tamu. Ni ya sindano asubuhi na jioni, na mimi ndiye ninayemdunga. Daktari alimkataza kufunga mwaka juzi, akamweleza kwamba sheria yenyewe inamruhusu kula na kulisha maskini badala yake. Mama aliitika vizuri kabisa. Ramadhani iliyopita akafunga siku moja kwa siri. Nilirudi kutoka skuli ninakosomesha, hapa hapa Wete, nikamkuta sakafuni jikoni, jasho la baridi, meno yameumana, macho wazi lakini hanioni. Nilichovya kidole kwenye asali nikampaka ndani ya midomo, tena na tena, huku nikilia na kumtukana. Ndiyo, nilimtukana mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Aliporudiwa na fahamu jambo la kwanza alilouliza ni kama adhana ishalia.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuamka na kusikiliza kama anapumua.

Tenisi yenyewe iliingia nyumbani kwa sababu ya kidonda. Kilimtoka chini ya mguu, nesi akasema asiukanyagie mpaka kipone, na mama ambaye hajapata kukaa kitako mchana tangu azaliwe akajikuta mbele ya televisheni. Miaka arubaini aliendesha chuo cha Kurani uani kwetu. Nusu ya watu wazima wa mtaa huu walisoma alifu kwake. Sasa hana cha kufanya ila kubonyeza rimoti. Akapita taarabu, akapita mahubiri, akafika kwenye uwanja wa ukoka uliokatwa ukalala sawasawa, na wanawake wawili waliovaa nyeupe tupu.

"Wamevaa kama mahujaji," alisema, "ila kitambaa hakikuwatosha."

Nilidhani atapita. Hakupita. Nilipomletea chai alikuwa akigombana na hesabu: kumi na tano, thelathini, arubaini, kisha mchezo umekwisha, basi ile hamsini kaila nani? Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza alikuwa akijua kila kitu, nani anapiga kwa mikono miwili, nani huteleza, nani hupiga kelele kama anayejifungua. Aliposikia kwamba mwanamme bingwa hupewa kombe na mwanamke bingwa hupewa sinia, alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Hata kuno kwao," alisema, "mwanamke sinia tu."

Na alimchagua binti wake. Msichana mfupi, mweusi wa nywele, kutoka nchi ambayo mama hakuweza kuitamka wala hakuhangaika kujifunza, goti limefungwa bendeji. Alikuwa hajulikani na watangazaji walikuwa wakimsemea maneno ya huruma. Mama aliiona ile bendeji akaitazama yake. Basi. Akawa binti yetu. Mimi pia nilimpenda, sikatai. Alikuwa hakati tamaa. Mpira ambao wengine wangeuachia aende zake, yeye aliukimbilia na goti lake bovu, akaurudisha.

Jumanne ile, robo fainali, alikuwa ameshapoteza seti ya kwanza. Ndipo mama alipoweka nadhiri. Na nikiwa pale mlangoni, mikono imejaa machicha, nikamwona binti akianza kushinda.

Mtu asiyekulia kwetu atauliza, si mchezo tu, mwambie aache. Nadhiri haiachwi hivyo. Kwetu mtoto mdogo hufundishwa asiitamke ovyo, kwa sababu ukishaitamka imekuwa deni kati yako na Mungu. Mama ndiye aliyetufundisha hayo, mimi na kaka yangu na watoto wote wa chuoni. Nilipomwambia kwamba nadhiri ya kufungia mchezo wa makafiri haina maana, alinitazama kama mwanafunzi aliyekosea irabu.

"Mie sikufungia mchezo. Nnamfungia Mungu. Mchezo ni tarehe tu."

Nilimpigia simu kaka yangu, yuko Msuka, analima. Nilitaka anisaidie. Akaniambia mwache mama afanye ibada yake, umri wake huo anatafuta nini tena duniani. Maneno matamu, na yeye hajapata kuishika sindano ile hata mara moja. Nikakata simu bila kuaga.

Kuanzia hapo nilikuwa namwogopa binti wa watu. Niliomba, na leo naona aibu kuliandika hili, niliomba ateleze. Nyasi zile kwenye mstari wa nyuma zilikuwa zishachakaa, zimebaki udongo, mama alisema zimeliwa kama pamefungwa mbuzi. Nikasema moyoni, teleza basi, usiumie sana, umia kiasi cha kurudi kwenu.

Alhamisi, siku ya nusu fainali, nilifanya upumbavu. Nilichomoa waya wa dishi nyuma ya nyumba, nikamwambia mama kwamba mawimbi yameharibiwa na mvua.

"Mvua gani?" aliuliza. Nje jua lilikuwa linachoma.

"Ya huko yanakotoka."

Nikaenda kuswali alasiri, nikarefusha sijida kwa hofu na kwa aibu pamoja, na nilipotoka kiti chake kilikuwa kitupu. Fimbo haipo. Nilitoka mbio bila viatu. Nilimkuta nyumba ya tatu, kwa jirani, amekaa juu ya jamvi kati ya wanawake waliokuwa wakichambua karafuu, vikonyo huku na karafuu huku, na televisheni imewashwa mbele yao. Bendeji ilikuwa imelowa damu. Alikuwa ameukanyagia mguu ule njia nzima. Na binti yetu alikuwa anaongoza.

"Mwanangu," alisema mbele ya watu wote, wala hakugeuka, "ukichomoa waya, chomoa na macho yangu."

Wanawake walicheka. Mimi nilikaa chini kando ya mguu wake. Jioni, nilipomsafisha kidonda na kufunga fundo la mwisho la bendeji, akanishika kidevu.

"Mengine nidanganye. Juu ya mwili wangu usinidanganye tena."

Niliahidi.

Ijumaa nilikwenda kumngojea ustadhi wetu atoke msikitini. Nilimweleza yote. Alianza kucheka kwa habari ya tenisi, akaniona uso, akaacha. Hukumu yake ilikuwa nyepesi: mgonjwa ambaye saumu itamdhuru hafungi, nadhiri au si nadhiri. Atatoa kafara, atalisha maskini kumi, yamekwisha. Nilitaka kumbusu mkono.

"Njoo umwambie mwenyewe," nilisema.

Alikuja. Mtu wa ndevu mpaka kifuani, anayehutubia watu mamia na sauti haimtetemeki. Mama alimkaribisha, akamuuliza hali ya watoto, akamuuliza mkewe kajifungua salama, kisha akamtaka asome kidogo, aya chache tu, roho yake itulie. Ustadhi akasoma. Mahali fulani mama akainua kidole. Ustadhi akarudia. Mama akainua kidole tena. Alipomaliza, shingo ilikuwa imemlowa jasho, akanywa chai yake haraka haraka, akaaga.

Nilimkimbilia mpaka njiani. "Mbona hukumwambia?"

"Mwambie weye, dada," alisema, akivaa kofia yake vizuri. "Mie yule kanichapa bakora chuoni."

Msomi mzima, na anaogopa kibibi cha mguu mmoja. Nilikuwa na hasira ya kuvunja kitu. Nikaingia ndani nikamwambia mama mwenyewe: ustadhi kasema hivi na hivi. Mama alikuwa akivuta tasbihi.

"Kama anaijua hukumu, kwa nini hakuisema? Elimu inayoogopa ibaki mfukoni."

Jumamosi fainali ilianza saa kumi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, si pembeni, ili asinione. Mpinzani alikuwa yule mrefu, mpiga kelele, ambaye wiki nzima mama alikuwa akimsema na mimi sasa nilikuwa namwombea dua. Alichukua seti ya kwanza. Nikapumua. Ya pili ilikwenda kwa binti yetu.

Seti ya tatu siwezi kuisimulia vizuri. Nakumbuka goti la binti likikunjika na watu wote uwanjani wakiguna, na mimi nikisema kimya, baki hapo hapo chini. Hakubaki. Aliinuka, akakipiga kiatu kwa raketi mara mbili kutoa udongo, akarudi kwenye mstari. Mama hakupiga kelele hata mara moja. Alikuwa akivuta tasbihi taratibu, punje baada ya punje, kama mtu anayejua bei ya anachonunua na keshaamua kulipa.

Mpira wa mwisho ulipiga wavu upande wa yule mrefu ukaanguka kwake. Binti alipiga magoti juu ya ukoka, akaficha uso. Walimletea sinia lake akalinyanyua juu ya kichwa, na duniani kote labda mimi peke yangu ndiye niliyelia kwa hofu.

"Alhamdulillahi," mama alisema. Kisha, bila kugeuka: "Ulikuwa unamwombea ashindwe."

Nilijipangusa machozi.

"Nlikusikia pumzi. Kila akikosa, weye unapumua."

Ndipo nilipomlipukia. Nilimwambia yote, jikoni, sakafu, asali, meno yaliyoumana. Nilimwambia kwamba siku ile niliona kifo chake kwa macho yangu, na tangu hapo sijalala usingizi wa mtu mzima. Nilimuuliza anataka nini, anataka nimzike kwa ajili ya msichana asiyejua hata Pemba iko wapi? Nilipandisha sauti. Mama aliniacha nikamaliza.

"Miaka miwili," alisema, "Ramadhani inaingia na mie nala mchana kama mtoto mchanga. Watu wanapita, wananusa sufuria yangu. Mungu kanisamehe, sawa, najua, nmeyasomesha mwenyewe. Lakini mtu husamehewa, husamehewa, mwisho akajiona hatakiwi." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Yule ana goti bovu, na walimwacha acheze."

Hasira yangu yote ilikwisha, ikabaki hofu tupu.

Tulikubaliana Jumapili, kama watu wawili sokoni. Ataanza Jumatatu, siku ya sunna. Nitampima sukari kila baada ya saa mbili, na kipimo kikionyesha chini ya nne, atakula, hata kama muadhini keshashika kipaza sauti. Alikataa kuapa. Alisema ameshachoka na viapo, nichukue neno lake. Nilimpigia nesi akanifokea, kisha akanieleza namna ya kupunguza dawa, kisha akanifokea tena. Skulini niliomba ruhusa, nikasema mama mgonjwa. Haukuwa uongo.

Nilikula daku pamoja naye. Sikumwambia kwamba nami nanuia kufunga. Nilihisi tu kwamba sitaweza kumeza kitu mbele yake siku nzima, basi afadhali nipate thawabu. Aligundua saa tatu asubuhi, niliposahau kujipikia chai. Alitabasamu tu.

Asubuhi yote ilikuwa nzuri. Kipimo kilisema saba na kitu, kisha sita. Mama alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona mwaka mzima, amejitanda kanga mpya, anasalimia wapita njia kupitia dirishani kwa sauti ya mtu aliye na jambo. Alipoulizwa hajambo alijibu, "Sijambo, nmefunga." Alilisema hilo kwa watu wanne, nikawahesabu. Adhuhuri, tano na nusu. Nilikuwa nimekaa miguuni pake na kile kimashine mapajani, na kila nikimchoma kidole nilifumba macho kabla ya kutazama namba.

Alasiri, nne na pointi tatu. Nilimwambia ukweli. Akasema, "Bado nne." Nikasema ndiyo, bado.

Baada ya hapo sikungoja saa mbili. Nilimpima kila nusu saa na hakugomba. Alikuwa ameacha kuzungumza na watu wa dirishani. Kwenye saa kumi na mbili kasoro niliona unyevu juu ya mdomo wake. Madogo madogo tu, matone ambayo mtu mwingine angesema ni joto. Mimi nilishayaona matone yale jikoni. Nilimchoma kidole, na tone la kwanza la damu lilikwenda kwenye kanga.

Tatu na pointi sita.

Mama haoni namba zile bila miwani, na miwani ilikuwa chumbani. "Ngapi?" aliuliza.

Zilibaki dakika ishirini na tano. Nilizijua, nilikuwa nimezihesabu. Dakika ishirini na tano si kitu, mtu anazimaliza akipika chai. Nikimwambia nne na pointi moja, atafika, na atakuwa amefunga siku moja katika maisha yake yaliyobaki, na uso ule niliouona asubuhi ningeuona tena. Na nikimwambia nne na pointi moja, labda baada ya dakika kumi meno yataumana. Nilifungua mdomo nikiwa bado sijui nitasema nini. Sijapata kuogopa hivyo, si siku ya jikoni, kwa sababu siku ya jikoni hakuna aliyeniuliza.

"Tatu na pointi sita, mama."

Alifumba macho. Nikaanza kufikiri kwamba atakataa, na kwamba itabidi nimshike kwa nguvu nimlishe, mimi mwanawe, kwenye msimu wa karafuu, dirisha liko wazi na watu wanapita.

"Imebaki muda gani?"

"Dakika ishirini na tano."

"Lete tende."

Nilimletea tende na maji ya sukari. Alisema bismillahi, akaitia tende mdomoni, akatafuna huku machozi yanamtiririka, hayapangusi. Alikunywa maji yote. Mimi nilikuwa nimempigia magoti mbele yake nimemshika vifundo vya mikono. Baada ya dakika chache joto likarudi kwenye vidole vyake, nikalihisi likirudi. Nilitaka kumpa jambo, chochote, kwa kile nilichomnyang'anya.

"Mama, usihuzunike. Ya leo na mbili zilizobaki, n'takufungia mimi. N'takufungia zote tatu."

Alifungua macho akanitazama, macho makavu sasa, yale yale ya mwalimu wa chuo.

"Mtoto humfungia mzazi aliyekufa," alisema. "Hai hafungiwi. Mie sijafa." Akanisukumia bilauri tupu. "Ya leo ni yako, ngojea adhana yako. Kesho kamwite yule mwoga wangu aje anisomee hiyo hukumu ya kafara. Na sasa n'letee mkate, nna njaa."

Nilikwenda jikoni, nikamkatia vipande viwili, nikarudi kukaa miguuni pake kungojea adhana yangu.